Mlima Mmeuona, Ngoma Hamjazisikia

Jumapili mpwa wangu katuma tena kwenye kundi la familia ule wimbo wa Toto, bendi ya Marekani, "Africa", na msururu wa vikatuni vinavyocheka hadi machozi. Eti wazungu hawa wameisimamisha Kilimanjaro juu ya Serengeti! Dakika tano hazijapita, ukoo mzima umegeuka walimu wa jiografia. Mmoja anasema kati yake kuna Meru, mwingine anakumbusha Ngorongoro, binamu wa Arusha anapima kilomita kwenye simu.

Haya. Ni zaidi ya kilomita 200, mmeshinda. David Paich wa bendi hiyo aliyaandika maneno ya wimbo huo akiwa hajawahi kukanyaga bara hili, ukawekwa mwisho kabisa wa albamu ya Toto IV mwaka 1982, na Februari 1983 ukawa namba moja Marekani. Kakosea ramani. Kilimanjaro iko palepale Moshi, haikuibiwa na mtu. Ndiyo maana vicheko hivi vinanichosha: tunamkaba aliyekosea njia, huku waliobeba mzigo wanapita mlango wa mbele na tunawapigia makofi.

Mzigo wenyewe ni ngoma za Burundi.

Mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya ufalme wa Burundi kuondolewa, Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, waliwarekodi wapiga ngoma wa Bukirasazi kwa ajili ya santuri ya lebo ya Ocora. Hizo si ngoma za kuchangamshia harusi. Ngoma iitwayo inkiranya inakaa katikati na kutoa amri, zile za amashakwe zinashika mdundo usiobadilika, ibishikizo zinaifuata inkiranya inakokwenda. Kwa Kirundi "ingoma" ni ngoma, na ni utawala pia. Walirekodiwa watu waliokuwa wakipiga dola lao kwa vijiti, na dola lenyewe lilikuwa limeshaanguka.

Mwaka 1971 Mfaransa mwingine, Michel Bernholc, akaichukua rekodi ile, akaimwagia piano na gitaa, akaiita "Burundi Black". Unaona ustaarabu wake: jina la nchi liko pale, ila la mpigaji hata mmoja halipo. Kama uchukue mchele wa jirani, uupike, halafu juu ya sufuria uandike "Wali wa Jirani" na ule peke yako.

Halafu anaingia Malcolm McLaren, yule meneja wa Sex Pistols, bendi ya punk ya Uingereza. Adam Ant, kijana wa London aliyekuwa na bendi isiyokwenda popote, alimlipa pauni 1,000 amshauri. McLaren akampa kanda ya kusikiliza, na ndani yake zimo ngoma za Burundi. Baadaye akamnyang'anya bendi yenyewe, akaunda nayo Bow Wow Wow. Ant akatafuta watu wapya, safari hii wapiga dramu wawili, na mwishoni mwa 1980 akatoa albamu ya Kings of the Wild Frontier. Kule Uingereza, mwaka 1981 hakuna albamu iliyouza kuliko hiyo. Nyimbo zimeandikwa majina mawili, Ant na mpiga gitaa wake, Marco Pirroni. Kwa hiyo pesa ya ushauri ililipwa, na ililipwa kwa mtu aliyetoa kanda. Waliotoa mikono yao Bukirasazi hawakuwamo hata kwenye mazungumzo.

Sasa najua mtakachosema. Mdundo hauna hatimiliki. Akina Ant hawakukata kipande cha rekodi, walikaa kwenye dramu zao wakapiga wenyewe, na muziki wote duniani ni kuazimana. Nakubali, ingawa nakubali nikiwa nimenuna. Tena niseme lililo baya zaidi: albamu ile naipenda. Wimbo wake "Dog Eat Dog" ukianza, mguu wangu haungoji fatwa.

Niliijulia Kigoma, kwa shangazi. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa Mrundi, kazi yake bandarini, na redio kaseti yake ilikuwa na heshima kuliko wageni. Kanda ilikuwa ya kunakili, C90, yaani ya dakika tisini, isiyo na jalada, aliipata kwa mabaharia. (Bow Wow Wow walishatoa wimbo mwaka 1980 wa kusifia watu kujirekodia kanda nyumbani badala ya kununua, nao ukiwa na mdundo huohuo wa Burundi. Angalau hao hawakuwa wanafiki.) Mjomba alisikiliza nyimbo mbili kimya, akazima. Akasema, "Ngoma za kwetu hizi. Ila anayepiga hajui anamwambia nani." Kisha akawasha tena, akaongeza sauti.

Na Thriller ya Michael Jackson nayo? Wimbo wa kwanza kabisa wa albamu ile ya 1982, kule mwishoni wanapoitikia "mama-se mama-sa", sikio lolote lililolelewa Afrika lilijua hapo ni nyumbani kwa Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kameruni, na wimbo wake "Soul Makossa", 1972. Kwenye jalada mtunzi ni mmoja, na siye Mkameruni. Tofauti ni kwamba Dibango alikuwa Paris na alikuwa na jina, kwa hiyo aliweza kudai, wakamalizana nje ya mahakama. Mpiga ngoma wa Bukirasazi amdai nani, kwa wakili gani?

Mtu pekee wa kipindi kile ninayempunguzia adhabu ni Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza. Naye alikuwa na njaa ya midundo yetu kama wenzake, lakini Julai 1982 aliwaleta wapiga ngoma wa Burundi wenyewe, kwa miili yao, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, lile la muziki wa dunia nzima, kule Shepton Mallet, Uingereza. Wakapanda jukwaani mpaka na bendi ya roki ya Echo & the Bunnymen. Tamasha likapata hasara kubwa kiasi kwamba Oktoba ilibidi Genesis, bendi aliyokuwa ameshaihama, iungane naye kwa onyesho moja kumlipia madeni. Heshima ina gharama, na inaelekea wenzake walishapiga hesabu mapema.

Kwa hiyo, mpwa wangu, na niliyaandika haya yote kwenye kundi, ukanijibu "anko umeanza": Toto walitudanganya kuhusu mlima ambao kila mtu anaweza kwenda kuutazama. Kosa hilo unalisahihisha kwa ramani ya shule ya msingi.

Niliacha maneno. Nikatuma sauti mbili bila kuandika majina, ya kwanza ile rekodi ya 1967, ya pili Adam Ant. Vijana wakaendelea na picha za pilau. Saa nne usiku shangazi, ambaye kwa kawaida hutuma dua tu, akajibu:

"Wa kwanza ni wenyewe. Hawa wa pili ni akina nani?"