Mjomba Alipofunga Njia ya Kirusi

Mbwa koko aliyening'ata shavu la mguu pale Ngamiani, Tanga, hakusubiri mjadala. Aling'ata, akaachia, akapotelea nyuma ya genge la nyanya. Mjadala aliuachia ukoo wangu.

Bibi peke yake ndiye aliyefanya la maana. Alinikokota hadi bombani, akashika mche wa sabuni, akaniosha kidonda kwa maji yanayotiririka robo saa nzima, nami nikipiga mayowe yasiyofaa kusikiwa na wakwe. Sasa, binamu yangu alikuwa likizo. Anasomea baiolojia chuo kikuu, na msomi wa namna hiyo hawezi kuona mguu ulioumwa na mbwa akanyamaza.

"Kirusi cha kichaa cha mbwa hakisafiri kwa damu," akatangaza. "Kinapanda kwa mishipa ya fahamu."

Mjomba, babake, mchuuzi wa samaki, akatua tenga. "Kinapandaje?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Binamu akaeleza kwamba seli moja ya neva huanzia kwenye uti wa mgongo, na mkia wake, aksoni, hushuka hadi mguuni, karibu mita moja. Protini hutengenezwa huko juu, kwa hiyo lazima zibebwe. Mbebaji ni hamali aitwaye kinesini, mwenye miguu miwili, anayetembea juu ya nyuzi za mikrotubuli: hatua moja nanomita 8, na kila hatua anakula molekuli moja ya ATP, yaani chakula cha nishati cha seli. Mizigo ya haraka hushuka hadi milimita 400 kwa siku. Hamali mwingine, daineini, hurudisha taka na ujumbe juu.

"Basi kirusi humdandia huyo wa kurudi. Ndiyo maana aliyeng'atwa usoni ana muda mfupi kuliko aliyeng'atwa mguuni."

Wote wakanigeukia. Mimi si mrefu. Mama mdogo, fundi cherehani, akavua futi yake shingoni, akanipima kutoka kidonda hadi kisogo, akatikisa kichwa. "Maskini, njia yake yenyewe ndiyo hii?"

Mjomba akarudi na mpira wa ndani wa baiskeli. "Tunafunga njia." Akanikaza pajani.

"Baba, fungua! Utamkata damu, na kirusi hutakizuia!" Angeishia hapo, ningepona mapema. Lakini elimu ilikuwa inamwasha. "Ni kweli watafiti Weiss na Hiscoe, Chicago, Marekani, mwaka 1948, walibana neva za wanyama wakaona mzigo unarundikana juu ya kizuizi, ila wao..."

"Umesikia? Wamarekani wamethibitisha!" Akaongeza mzunguko wa pili.

Tulipofika kituo cha afya kwa bajaji, mguu ulikuwa na rangi ya bilinganya na sikuusikia tena. Kidonda chenyewe nilishakisahau. Muuguzi akakata mpira kwa mkasi, akampongeza Bibi kwa sabuni, kisha akanichoma chanjo begani.

"Sista," mjomba akaingilia, "mbwa kang'ata chini, nyie mnachoma juu?"

"Chanjo inaamsha kinga ya mwili mzima, mzee, kabla kirusi hakijaingia kwenye uti wa mgongo. Huu mpira ulifunga wewe?"

"Mimi."

"Kakae nje."

Kumweka mjomba nje, mahali penye foleni ya watu wasio na la kufanya, ni kumpa jukwaa. Nikiwa kitandani nilimsikia akiwasimulia kinesini, miguu yake miwili na hatua zake, mpaka mama mmoja akauliza kama kinauzwa famasi.

"Famasi hawana," mjomba akajibu. "Wamarekani walikigundua mwaka 1985 kwenye mishipa ya ngisi."

"Ngisi huyu huyu tunayemla?"

"Huyo huyo, mama. Nikuwekee kilo ngapi?"

Nilipotoka nikichechemea, alikuwa amegeuza kadi yangu ya chanjo, anaandika oda nyuma yake.