Soma bure, mwandishi atalipa

Kuna ukarimu wa majarida ya kitaaluma ambao mimi naumeza kwa shida. Msomaji anaambiwa karibu, soma bure, pakua utakavyo. Geuka upande wa pili umwone mwandishi, ameshika ankara.

Hayakuanza hivi. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilitaka makala za utafiti zisomwe na yeyote mwenye intaneti, bila kulipia wala kuomba ruhusa. Hasira ilikuwa halali: mwandishi halipwi, wahakiki hawalipwi, fedha za utafiti mara nyingi ni za umma, kisha maktaba ya chuo kilekile inauziwa makala zilezile. Asiye na maktaba yenye fungu akibofya anadaiwa dola thelathini na kitu, tena kwa kurasa kumi na tano ambazo pengine hazina anachokitafuta.

Wachapishaji wakubwa walipoona upepo umegeuka, walimwacha msomaji wakamfuata mwandishi. Jarida la sayansi la Nature lilipofungua mlango wa uchapishaji huria, yaani makala kusomwa bure na wote, Januari 2021, ada ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi za Tanzania milioni 25. Hapo si bei ya karatasi wala wino, ni bei ya jina.

Jibu lao nalijua: nchi maskini husamehewa. Ni kweli, na mwaka 2023 wenye Nature walitangaza kuwa watafiti wa nchi zaidi ya 70 za kipato cha chini na cha kati cha chini watachapisha huria humo bila ada. Sawa, ahsante. Ila hebu tazama misamaha inavyokwenda kwingine. Mwandishi anachagua nchi yake kwenye orodha, mfumo mara nyingi unaangalia daraja la kipato ambalo Benki ya Dunia imeipa nchi hiyo. Julai 2020 Tanzania ilipoingia uchumi wa kati tulipongezana sana. Kwa baadhi ya wachapishaji, kupanda huko maana yake ni kushuka kutoka msamaha kamili hadi punguzo la nusu. Ada ikiwa dola 3,000, nusu yake ni dola 1,500, na sijamwona mhadhiri msaidizi ambaye mshahara wake wa mwezi unafika hapo. Katikati ya pengo hilo ndipo majarida uchwara yanapojipatia riziki: barua pepe inakuita profesa kabla hujamaliza uzamili, inakuahidi kuchapishwa ndani ya wiki, lipa dola mia.

Mimi nataka jarida ambalo halimtozi yeyote, si msomaji si mwandishi. Wala si ndoto. Brazili walianzisha SciELO, maktaba ya mtandaoni ya majarida huria, miaka ya tisini, na majarida ya Amerika ya Kusini yakazoea kubebwa na vyuo na fedha za umma. Sisi wa Kiswahili tunalo jarida la Swahili Forum, lililoanzia Köln, Ujerumani, mwaka 1994 na baadaye likawekwa mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha Leipzig. Makala zake, zikiwemo za Kiswahili chenyewe, mwanafunzi wa Dodoma anazisoma kwenye simu bila senti ya ziada kuliko bando lake. Programu ya kuendeshea jarida, OJS, hutolewa bure, na vyuo vyetu vingi tayari vinaitumia.

Kinachokwama ni watu na kamati. Mhariri wa jarida la idara ni mhadhiri mwenye vipindi, mitihani ya kusahihisha na wanafunzi wa kusimamia. Muswada wako unasubiri miezi minane kwa sababu anausoma usiku. Ukija muda wa kupandishwa daraja, kamati inaipa makala ya nje uzito kuliko ya jarida la nyumbani, hata ile ya nyumbani ikiwa imehakikiwa kwa ukali zaidi. Nani basi atapeleka kazi yake bora nyumbani?

Vyuo vikuu vianze na mambo mawili: mhariri apunguziwe vipindi kwa maandishi, na kamati isome makala yenyewe kabla ya kutazama jina la jarida.