Thamani ya miwa ya Kenya imepanda, lakini imepandishwa na nini?

Ukichora thamani ya miwa inayovunwa Kenya kwa shilingi, tangu miaka ya 1970 hadi leo, unapata mlima: mabonde machache, kilele kikizidi kwenda juu. Wanaoitetea sekta ya sukari huupenda mchoro huo. Ihesabu miwa hiyo hiyo kwa bei zisizobadilika za 2014 hadi 2016, ambazo Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) hutumia kulinganisha miaka na nchi, na mlima unafupika sana huku mabonde yakiongezeka. Mchoro huo wa pili ndio wa wakosoaji. Hakuna upande unaodanganya. Kinachokosekana katika mabishano yao ni kuuliza thamani hiyo imetoka kwenye shina, kwenye ardhi, au kwenye bei tu.

Tuanze na sarafu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya shilingi 8. Januari 2024 ilikaribia shilingi 160, kisha ndani ya miezi michache ikashuka hadi 130 hivi. Katika miezi hiyo michache mkulima wa Mumias hakuongeza mbolea wala kupalilia zaidi, ilhali tani moja ya miwa yake, kwa bei ile ile ya shilingi, ilikuwa imepanda kwa zaidi ya moja ya tano kwa hesabu ya dola. Kwa hiyo mtu akikuambia thamani imepanda au imeporomoka bila kutaja amepima kwa sarafu gani na bei za mwaka gani, bado hajakuambia kitu.

Sasa shambani. Kiwanda cha Miwani kilianza kusaga 1922, kile cha Ramisi huko Pwani kikafuata 1927. Baada ya uhuru serikali iliweka fedha nyingi kwenye viwanda vipya: Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978 na SONY (kiwanda cha sukari cha South Nyanza) 1979. Hiki ndicho kipindi ambacho thamani ilipanda kwa sababu ya kazi halisi. Ardhi mpya ililimwa, barabara za kutolea miwa zilichongwa, na mbegu na mbolea zilimfikia mkulima kwa mkopo uliokatwa siku ya malipo. Nchi ilikaribia kujitosheleza kwa sukari. Hata mchoro wa bei zisizobadilika unapanda hapo, na sioni sababu ya kuubishia.

Kilichofuata ndicho chenye utata. Katikati ya miaka ya 1990 wastani wa mavuno ulizunguka tani 90 kwa hekta. Miaka ya karibuni umekuwa tani 60 hivi. Wakati huo huo eneo lililopandwa miwa limepanuka, na katika miaka ya 2010 lilivuka hekta 200,000. Maana yake, mzalishaji ametumia ardhi zaidi kupata tani ambazo zamani zingetoka kwenye ardhi ndogo. Jumla ya thamani haioneshi hilo, kwa sababu inahesabu tani na bei tu. Ardhi iliyoongezwa, ambayo ingeweza kubeba mahindi, maharagwe au ng'ombe wa maziwa, haikatwi popote kwenye hesabu.

Watetezi wana jibu, na si jibu dogo. Wanasema mkulima si mjinga. Kama miwa ingekuwa hasara tupu, wakulima wangeing'oa zamani. Lakini imeenea hadi Busia na Transmara, viwanda binafsi vikafuata: Kibos, Butali, Transmara, Sukari Industries. Miwa haihitaji kupuliziwa dawa kila wiki. Inastahimili kupuuzwa, na ukishaikata inachipua tena bila kupandwa upya. Zaidi ya hayo, ina mnunuzi. Mwenye nyanya soko likijaa hana pa kwenda nazo, lakini mwenye miwa iliyokomaa anajua kuna kiwanda, hata kama kitamlipa kwa kuchelewa. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Inaeleza kwa nini eneo halipungui. Haielezi kwa nini hekta moja inatoa kidogo kuliko zamani.

Tuangalie 2022 hadi 2025, maana miaka hiyo imebana ndani yake karibu kila kitu kinachosumbua zao hili. Mavuno ya 2022 yalikuwa mazuri, lakini viwanda vilikuwa na uwezo wa kusaga mkubwa kuliko miwa iliyokuwepo. Vikaanza kugombania. Kiwanda kilichomkopesha mkulima mbegu kikakuta shamba limeshakatwa usiku na lori la kiwanda kingine. Kufikia katikati ya 2023 miwa iliyobaki ilikuwa michanga mno, na serikali ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa. Uzalishaji wa sukari mwaka huo ulishuka hadi tani 470,000 hivi, na kilo moja madukani ikavuka shilingi 200. Mwaka uliofuata miwa ilikuwa imekomaa, nchi ikazalisha zaidi ya tani 800,000 za sukari, kiwango ambacho haikuwa imewahi kufikia. Bei ya tani ya miwa, iliyokuwa imepanda wakati wa uhaba hadi karibu shilingi 6,000, ikashushwa chini ya 5,000. Julai 2025 viwanda vya Magharibi vikasimamishwa tena. Sababu: miwa michanga.

Ukiweka thamani ya miaka hiyo kwenye mchoro, utaona kushuka, kuruka na kushuka, na mtu wa mbali atasema ni hali ya hewa. Mvua ina sehemu yake, ila chanzo kikubwa kiko kwenye mizani.

Mkulima wa Kenya hulipwa kwa uzito, halipwi kwa utamu. Miwa ya Magharibi huhitaji takriban miezi 18 kukomaa. Chukua mfano wa ekari moja, kwa namba za kukadiria. Ukisubiri miezi 18 ukapata tani 24 kwa bei ya 5,000, mkononi una shilingi 120,000 kabla ya kukatwa gharama za kuvuna, usafiri na pembejeo. Kwa mwezi ni kama 6,700. Sasa uhaba umeingia, bei imefika 6,000, na dalali amesimama kwenye kona ya shamba miwa ikiwa na miezi 12. Ukikata unapata tani 16 tu, yaani shilingi 96,000, lakini hizo ni 8,000 kwa mwezi, na karo ya muhula huu inalipwa muhula huu. Mwenye akili timamu anakata. Hasara inaangukia kiwandani, ambako tani nyingi zaidi zitasagwa kupata tani ile ile ya sukari, na inaangukia mwaka ujao, ambao hautakuwa na cha kusaga.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomlaumu mkulima kwa kukosa nidhamu, na pia na wanaoshangilia bei ya juu kana kwamba ni ushindi wake. Bei ya juu ya uhaba huongeza thamani ya zao kwenye vitabu kwa kula zao la mwaka unaofuata. Thamani ya namna hiyo ni ya kweli mfukoni mwa aliyeuza, hilo halikatazwi, lakini kuiita ukuaji wa sekta ni kujidanganya.

Kuna jambo jingine ambalo mchoro hauoneshi kabisa: thamani huandikwa miwa inapovunwa, haingoji mkulima alipwe. Kwa miaka mingi wakulima wa viwanda vya serikali walidai fedha za miwa iliyosagwa zamani, na baadhi walifariki wakidai. Mumias, ambayo wakati mmoja ilizalisha zaidi ya nusu ya sukari ya nchi na ikauza hisa kwa umma mwaka 2001, ilikuwa mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai, kufikia 2019. Miwa yote iliyofikishwa kiwandani bila kulipwa imo kwenye takwimu za thamani. Viwanda binafsi vimesaidia hapa. Vinavyolipa ndani ya wiki vimewafundisha wakulima kwamba kungoja miezi haikuwa sheria ya asili, na tofauti hiyo naiona kubwa kuliko mabishano ya nani ana bei nzuri zaidi kwa shilingi 100.

Mageuzi ya sasa yanaelekea wapi? Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari na tozo ya asilimia 4, ambayo sehemu yake inapaswa kurudi shambani kuinua mavuno. Mwaka 2025 viwanda vinne vya serikali, Nzoia, Chemelil, SONY na Muhoroni, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Wanaopinga wanasema mali ya umma imegawiwa wachache, na hofu yao ina msingi: mnunuzi mmoja akishika viwanda viwili vinavyopakana, ushindani ulioharakisha malipo unaweza kufa kimyakimya. Wanaounga mkono wanauliza ni nini hasa kilichokuwa kimebaki cha kulindwa, mitambo ikiwa imechakaa na mashamba ya viwanda yakiwa magugu. Mimi ningekubali ukodishaji kwa sharti moja ambalo halipewi uzito wa kutosha, yaani mkulima awe huru kumuuzia mwingine pale kiwanda kinapochelewesha malipo, na aliyemkopesha mbegu arudishiwe mkopo wake na huyo mnunuzi mpya.

Linabaki suala la kulipa kwa utamu badala ya uzito, lililozungumzwa kwa miaka bila kuanza. Likifanyika, ile hesabu ya ekari moja hapo juu inageuka. Miwa ya miezi 12 ingelipwa kidogo kwa kila tani, na dalali wa kona ya shamba angepoteza hoja yake. Wakulima wengi wanalishuku, na si bila sababu. Mtu ambaye hana imani na mizani ya kiwanda, kitu anachokiona kwa macho, ataaminije kipimo cha maabara asichokiona? Jibu langu ni kwamba kipimo hicho kisiwe cha kiwanda. Kiwe mikononi mwa mtu wa tatu anayelipwa kutokana na tozo ile ya asilimia 4, sampuli ikatwe mbele ya mwenye miwa, na nusu yake ihifadhiwe hadi malipo yatoke. Gharama itakuwepo. Lakini kila mwaka nchi inasaga maelfu ya tani za miwa ambayo ingengoja miezi michache tu ingetoa sukari zaidi, na gharama hiyo tunailipa tayari, kwa kilo ya dukani na kwa meli za sukari kutoka nje.