Dhahabu juu ya mtu aliyeikimbia dhahabu

Mara tatu kwa mwaka, mfalme wa Thailand, au mtu wa familia yake aliyemtuma, hupanda nyuma ya madhabahu ya hekalu la Wat Phra Kaew jijini Bangkok, akaivua taji sanamu moja ndogo, akaifuta vumbi, kisha ikavalishwa nguo za msimu mpya. Nguo zenyewe ni za dhahabu na vito. Na anayevalishwa ni Buddha aliyekaa amekunja miguu, kiganja kimelala juu ya kiganja pale mapajani, amezama katika taamuli. Yaani mtu ambaye, kwa hali aliyomo, hana haja hata na kanzu.

Anayeiona picha yake kwa mara ya kwanza hujiuliza kama hapa pana heshima au pana kejeli. Swali hilo si la wageni peke yao.

Tuanze na wanaosema kuna kasoro, maana hoja yao haihitaji maelezo mengi. Kwa mapokeo ya Wabudha wenyewe, Siddhartha, aliyekuja kuwa Buddha, alizaliwa ikulu. Usiku alioondoka kwenda kutafuta ukweli alikata nywele kwa upanga wake, akavua mapambo yote akamkabidhi mtumishi arudi nayo nyumbani. Ubudha ulianza kwa mtu kuvua vito. Hata leo kijana wa Kithai anayeingia utawani kama mwanagenzi hushika amri kumi, na miongoni mwake ni kutojipamba, kutojitia manukato, na kutopokea dhahabu wala fedha. Sasa mwanafunzi akatazwe, mwalimu afunikwe navyo?

Jibu ninaloliona la maana linaanzia kwenye jiwe. Buddha huyu wageni humwita Buddha wa Zumaridi, ingawa si zumaridi. Ni jiwe la kijani ambalo wengi hulitaja kuwa jedi. Kimo chake ni kama sentimita 66, hafikii hata meza ya kulia chakula, na amewekwa juu kabisa ya kiti kirefu chenye ngazi za dhahabu, hivi kwamba aliyekaa sakafuni humwona kama taa ya kijani iliyo mbali. Masimulizi ya huko yanasema alionekana mwaka 1434 huko Chiang Rai, kaskazini, radi ilipopasua mnara wa hekalu. Ndani yake palikuwa na sanamu ya chokaa tu, ya kawaida, wala hakuna aliyeshughulika nayo. Baadaye chokaa ikabanduka puani. Mkuu wa watawa akaona kijani. Wakaendelea kubandua.

Sisi tuna msemo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mkakasi umegeuzwa. Nje chokaa, ndani kito. Na si mara moja. Huko huko Bangkok, kwenye hekalu la Wat Traimit, mwaka 1955 watu walikuwa wakihamisha sanamu kubwa ya lipu, ikawaponyoka, lipu ikapasuka, na ndani mkaonekana dhahabu. Uzito wake ni kama tani tano na nusu. Inaaminika iliwahi kupakwa lipu ili majeshi ya Burma yasiitamani. Kwa Mthai aliyekulia na visa hivi viwili, kitu cha thamani na kile kinachokifunika ni mambo anayoyafikiria kila anapopiga goti. Haoni dhahabu kama sisi tunavyoiona dirishani kwa sonara.

Ndipo tuje kwenye nguo. Ziko seti tatu: ya joto, ya mvua, ya baridi. Mbili za kwanza zilitengenezwa na Rama wa Kwanza, mwanzilishi wa ukoo unaotawala mpaka leo. Ya baridi iliongezwa na Rama wa Tatu. Ya joto ni ya kifalme hasa, taji na mapambo ya kifua na mikono. Ya mvua ni vazi la mtawa linaloacha bega moja wazi, kwa sababu msimu huo ndio watawa hutulia mahekaluni bila kusafiri. Ila vazi hilo la ufukara nalo ni la dhahabu. Ya baridi ndiyo inayonivutia zaidi. Ni wavu wa dhahabu unaoanzia shingoni ukashuka mwili mzima kama shali, na kwa kuwa ni wavu, jiwe linaonekana kwa ndani. Limefunikwa na halijafunikwa.

Watetezi husema taamuli yenyewe imo humo: leo mfalme, kesho mtawa, na aliyevaa hajatikisika. Uso ni ule ule, mikono ni ile ile. Wana pia kisa cha mfalme Jambupati, aliyejivunia utajiri wake hata Buddha akamtokea katika fahari iliyoizidi yake, yule bwana akanyenyekea, mwishowe akawa mtawa. Kwa kisa hicho, fahari ni somo kwa mwenye majivuno. Tena anayevika ndiye anayefaidika, si anayevikwa. Jambo hili halitakuwa geni kwa Mwislamu wa pwani, ambaye hana sanamu katika dini yake, lakini anajua kiswa, kitambaa kinachoifunika Al-Kaaba, hutariziwa kwa nyuzi za dhahabu na hubadilishwa kila mwaka, wala hajawahi kudhani kuwa nyumba ile inasikia baridi.

Mimi hoja hiyo inanishawishi, na ningeikubali yote kama isingekuwa swali la nani anavalisha. Mtu wa kawaida haruhusiwi. Sanamu hii ilifikaje Bangkok? Kwa zaidi ya miaka 200 ilikuwa Vientiane, Laos ya leo, mpaka mwaka 1779 jeshi la Siam, jina la zamani la Thailand, lilipoitwaa. Jemadari aliyeliongoza ndiye aliyekuja kuwa Rama wa Kwanza, akaijengea hekalu ndani ya uzio wa kasri lake, akaishonea dhahabu. Humo ndimo maofisa wa dola walimonywea maji ya kiapo cha utii kwa mfalme, hadi utawala wa kifalme usio na katiba ulipokoma mwaka 1932. Vazi la joto, kwa jicho hilo, ni nguo ya mfalme iliyovishwa Buddha, kisha utukufu wake ukarudi kwa mfalme. Vientiane, hekalu la Haw Phra Kaew lililojengwa kwa ajili ya sanamu hiyo lingalipo. Liliharibiwa na Wasiam mwaka 1828, likajengwa upya wakati wa Wafaransa, na sasa ni jumba la makumbusho.

Kwa hiyo ninapogawa lawama, siitupii dhahabu. Dhahabu inayovuliwa mara tatu kwa mwaka, ikafungiwa kabatini hadi zamu yake, inafundisha kuachilia kuliko ukuta mtupu wa hekalu lisilo na kitu cha kuacha. Kasoro naiona kwenye ufunguo wa kabati. Pale katikati ya kuvua na kuvaa, sanamu inabaki jiwe tupu la kijani, kama ilivyoonekana chokaa ilipoisha Chiang Rai. Huo ndio wakati ambao mtu wa taamuli angetamani kuwa mbele yake, na wanaoiona kwa karibu ni mfalme na wasaidizi wake. Wananchi wako nje, wanasubiri atoke awanyunyizie maji.