Hakuna Matope ya Raia

Mimi nakaa Kasese, hatua chache tu kutoka ikweta. Jua la huku halibishi hodi. Saa tatu asubuhi bati la kibanda limeshaanza kulia. Sasa sijui nani alimwambia mpwa wangu wa Kampala kwamba mjomba wake amekosa baridi.

"Mjomba, unakaa chini ya Rwenzori maisha yako yote na hujaupanda!"

Na wewe unayekaa Kampala, umeshapanda minara mingapi ya simu?

Basi akalipa. Pale getini wageni wa Ulaya wanalipa dola, sisi raia shilingi, lakini matope ni yale yale, hakuna matope ya raia. Na ukiuliza unalipia nini, utaambiwa: kulala juu ya mbao, kukosa umeme, kula ugali wa posho na maharagwe, kwenda msalani na tochi. Hayo yote nyumbani ninayo bure, tena majirani hunipa pole.

Mwanzo, pale Nyakalengija, sina neno. Mashamba ya kahawa, njia kavu, mto Mobuku unanguruma pembeni. Kijana wa Kikonjo anayetuongoza akatazama viatu vyangu vya Ijumaa, akameza kicheko kwa adabu, akanipa gambuti. Gambuti! Bidhaa ninayouza mwenyewe mpakani Mpondwe, nawauzia Wakongo, naisifia hadi koo linakauka, na sijawahi kuivaa hata kwenda chooni.

Halafu tukafika Bigo. Hiki ni kinamasi kilichopanda mlimani, sijui kilifuata nini. Wameweka njia ya mbao, Mungu awabariki, lakini mbao nazo zina mwisho. Zikiisha unaruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine. "Mzee, kanyaga nyasi, usikanyage katikati." Nikakanyaga nyasi. Nyasi zikajiinamia pembeni kwa heshima zote, mimi nikaingia katikati mpaka magotini. Nikavuta mguu: mguu ukaja, gambuti ikakataa. Nimesimama na soksi hewani, matope yanabubujika taratibu kujaza shimo langu, mpagazi mmoja anapita na mzigo wa watu watatu mgongoni, anapiga mluzi. "Pole, mzee." Hakupunguza hata hatua.

"Vumilia, mjomba, mbele kuna ziwa."

Ziwa Bujuku, karibu mita 4,000 juu. Nilipofika nikaonyeshwa ukungu wa kulia na ukungu wa kushoto. Nikauliza samaki wetu ngege wa kukaanga wanauzwa upande gani, wote wakanyamaza. Sisi ziwa tunalijua: unateremka Katunguru, unapewa ngege na chumvi na ndimu, unafuta mikono, unarudi nyumbani. Ziwa lisilo na mchuuzi hata mmoja ni dimbwi lenye cheo.

Usiku nikavaa soksi za akiba mikononi. Alfajiri mpwa wangu akaondoka na wenzake kwenda Margherita, mita 5,109, kilele cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Mimi nikabaki kulinda uji. Ukungu ukafunguka kidogo, mpishi akanionyesha: kule Stanley, huku Baker, ule Speke. Huyo Speke, Mwingereza mvumbuzi, alifariki 1864. Mlima wake ukaja kupandwa 1906, na Mwitaliano, Duke wa Abruzzi. Yaani Speke amepewa mlima mzima bila kulowa hata soksi! Mtu mwenye akili timamu.

Mpwa wangu karudi midomo imepasuka, anatabasamu, anaonyesha picha ambayo yeye na barafu na mawingu vyote ni rangi moja. Kabla hata hajamaliza uji niliomlindia: "Mjomba, mwakani tunakwenda Kisoro, tunapanda Muhavura. Mita 4,127, na juu kileleni kuna ziwa."

Jamani, hilo nalo limeshindwa nini kukaa chini na maziwa wenzake?