Watazamaji wengi, kitanda kimoja

Fundi seremala wa Ngamiani, Tanga, akishamaliza kupiga vanishi siku hizi hatafuti kivuli kwanza. Anatoa simu, anakizunguka kitanda, na klipu inapanda TikTok. Ushauri anaopewa mjini ni ule ule: tafuta watazamaji wengi, wateja watakuja wenyewe. Ushauri huo una soko lake, ila si la vitanda.

Mwenye boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Maziwe, kule Pangani, au anayewatembeza mapango ya Amboni, mteja wake yuko Arusha, Nairobi, pengine Ujerumani. Hamjui jina wala hana namba yake. TikTok humrushia video hata mtu asiyemfuata mwenye akaunti, na kwa biashara ya namna hii hilo ni neema. Mwenye mikoba ya mkonge naye yumo: mzigo mwepesi, unakunjwa, unapanda basi la Dar.

Kitanda cha mninga cha tano kwa sita hakikunjwi. Mtu wa Mwanza akikipenda, gharama ya lori inaweza kumeza faida yote, na bado mguu ukafika umechubuka. Mteja wa kitanda hiki ni yule anayeweza kuja kwa bodaboda, akagonga mbao kwa vidole, akapatana bei.

Sasa tuiangalie hiyo namba inayowalevya watu. TikTok huhesabu mtazamaji mara tu video inapoanza kucheza. Video fupi za YouTube zilikuwa na masharti zaidi, lakini tangu 31 Machi 2025 nazo zinahesabu kila inapoanza au kurudiwa. Aliyeipitisha kwa kidole akitafuta vichekesho kahesabiwa. Aliyeiacha simu mezani ikajirudia mara tatu, kahesabiwa mara tatu. Ndani ya takwimu za akaunti ya TikTok ipo orodha ya nchi na miji wanakotoka watazamaji, lakini mafundi wengi huishia kwenye ile namba kubwa ya juu, wakaipiga picha na kuwaonyesha wenzao.

Stetasi ya WhatsApp inadharauliwa kwa sababu namba yake ni ndogo. Watu 140, siku nzuri 200. Lakini gusa alama ya jicho: hayo ni majina! Mwalimu wa Chumbageni, mama wa Makorora aliyeulizia kabati mwezi uliopita, shemeji anayejenga. Anayekosekana ni yule aliyezima alama za kusoma, zile tiki za bluu. Hakuna takwimu ya TikTok itakayomwambia fundi ampigie nani kesho asubuhi.

Inapoharibika, mara nyingi kosa ni moja. Stetasi haimfikii mtu mpaka kila mmoja awe amehifadhi namba ya mwenzake. Fundi anapokea simu ya kuulizwa bei, anajibu, anakata, namba inapotea kwenye orodha ya simu zilizoingia. Dawa yake ni kuihifadhi papo hapo pamoja na kilichoulizwa, kwa mfano "Kabati Makorora", kisha kumtumia picha moja na kumwomba naye ahifadhi. Orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, nayo inabeba watu 256 tu, na ujumbe humfikia aliyekuhifadhi peke yake.

Wapenzi wa TikTok wana hoja moja nzito: stetasi hufutika baada ya saa 24, na WhatsApp yenyewe inabana usambazaji. Tangu Januari 2019 ujumbe unapelekwa kwenye mazungumzo matano kwa mkupuo. Tangu Aprili 2020, uliokwisha kusambazwa mara nyingi huenda kwenye mazungumzo mamoja mamoja. Ni kweli, lakini mtu mmoja akiituma video hiyo kwenye kundi la mtaa wenye nyumba mpya, fundi ana kazi ya mwezi.

Tatizo ni kwamba video ikitoka mkononi mwako, maelezo ya chini hubaki nyuma. Kwa hiyo namba ya simu na "Ngamiani, Barabara ya 12" viandikwe juu ya picha yenyewe, sehemu ya kati kuelekea juu, kwa sababu chini na kulia TikTok hufunika kwa maelezo na vitufe vyake. Piga kivulini, maana vanishi mbichi juani hung'aa mpaka rangi ya mti ikapotea. Futa kioo cha kamera, vumbi la mbao halikosekani. Sekunde tatu za kwanza zionyeshe kitanda kizima, si bango la karakana, kisha nyoosha futi juu ya ubao ili mtu asome kipimo mwenyewe.

Na bei iandikwe. "Njoo inboksi" humfukuza mwenye pesa na kumleta mwenye muda. Andika na mwezi pembeni yake, kwani klipu ya Januari itakuja kuonyeshwa fundi mwezi Septemba, mbao zikiwa zimeshapanda, na mteja atasimama mlangoni akiidai bei ile ile.