Warumi, Nimewakosea Nini?

Nimerudi kazini nimechoka, hata viatu sijavua, binti yangu huyo na daftari. "Baba, mwalimu kasema tuandike namba hizi kwa Kirumi." Moyoni nikashukuru. Angeniletea desimali ningesingizia kichwa kinaniuma. Lakini Kirumi? Herufi saba tu: I moja, V tano, X kumi, L hamsini, C mia, D mia tano, M elfu. Nikasema lete penseli.

Ya kwanza, 99. Nikafikiri kama mtu mwenye akili timamu: kama 9 ni IX, kumi toa moja, basi 99 ni mia toa moja. IC. Ya pili 1999: elfu mbili toa moja, IMM. Ya tatu 4, hiyo nikainua macho tu nikanakili kutoka kwenye saa ya ukutani: IIII. Dakika mbili, kazi imekwisha, nikavua viatu.

Kesho yake daftari likarudi na X tatu za wino mwekundu. Nikapiga makofi. "Umeona? Kumi, kumi, kumi! Thelathini!"

"Baba, hizo ni kosa, kosa, kosa."

Ikabidi nisome sheria zao. Kumbe mdogo akikaa nyuma ya mkubwa anamwongezea, akimtangulia anampunguzia. Mpaka hapo sina ugomvi. Ila hata kupunguzana kuna vyeo! I anaruhusiwa kumdokoa V na X, basi. X anawadokoa L na C. C anawadokoa D na M. I hana ubavu wa kumgusa C, sembuse M. Na V, L na D hawampunguzii mtu kitu, sijui walikula kiapo gani. Kwa hiyo 99 unaikata vipande: 90 ni XC, 9 ni IX, unapata XCIX. Na 1999? MCMXCIX. Hii si namba, hii ni nywila niliyoisahau.

Na ile saa? Hapo nilijua nina ushahidi. Saa tele za mishale zina IIII hadi leo. Binti akanijibu kwamba Big Ben kule London ina IV. Haya, lakini Warumi wenyewe pale Colosseum, uwanja wao wa kale kule Roma, lango la 44 waliliandika XLIIII: arobaini kwa kupunguza, nne kwa kurundika. Hakuna aliyewatia wino mwekundu. Tena sisi saa hiyohiyo tunaisoma kinyume: mshale ukiwa kwenye IIII tunasema saa kumi, ukifika kwenye X tunasema saa nne. Mtoto atoke salama vipi hapo?

Halafu hawana haya na urefu. Mwaka 2000 ni MM, umemaliza, kalale. Mwaka 1888 ni MDCCCLXXXVIII. Herufi kumi na tatu! Fundi aliyechonga mwaka huo kwenye jiwe, natumaini alilipwa kwa herufi. Na sifuri hawakuwa na herufi yake, watu waliojenga barabara zote zile.

Jana ndiyo nilikoma. Namba moja tu: 4000. Nikajua MMMM, nikakumbuka herufi hairudiwi zaidi ya mara tatu, ndiyo maana kwa herufi za kawaida mwisho ni 3999. Nikachimba mpaka nikapata: unaandika IV, unaweka kistari juu yake, ndiyo mara elfu. Nikakichora taratibu, kimenyooka, chembamba, cha kitaalamu.

Asubuhi, kabla hajatoka, binti akalikagua daftari. Ni mtoto msafi sana, jamani. Akaona kialama cha penseli juu ya IV, akachukua kifutio.